Kiraka wa Phoenix: Hoja ya Shawn Marion na Jumba la Mashuhuri

Arizona haisogezi saa zake majira yakibadilika, kwa hiyo mechi ya Phoenix Suns, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, inayoanza saa moja usiku kule huanza saa kumi na moja alfajiri Mombasa, mwaka mzima. Saa hiyo watu wanatoka msikitini au wako kwenye foleni ya feri Likoni. Ndiyo maana wapenzi wengi wa kikapu wa Pwani walimjua Shawn Marion, fowadi wa Suns, kwa njia mbili tu: jedwali la takwimu walilolisoma mchana, na vipande vya video vya dakika mbili. Jedwali lilisema Marion ni mtu wa ajabu. Video iliwaonyesha wenzake, gadi Steve Nash akitoa pasi na Amar'e Stoudemire akidanki, na Marion akipita pembeni kama mtu mwenye shughuli zake. Ubishi wa kama anastahili kuingizwa kwenye Jumba la Mashuhuri la Naismith, linaloenzi wakubwa wa kikapu kule Springfield, Massachusetts, umezaliwa hapo, kati ya jedwali na video. Alistaafu 2015 na bado watu wanabishana.

Kila mwaka Jumba linapotangaza majina, swali linarudi. Utalisikia pembeni mwa ukumbi wa Makande, nyumbani kwa timu za KPA (Mamlaka ya Bandari ya Kenya), na utalisikia barazani Mji wa Kale pale habari za ligi ya Uingereza zinapopumzika kidogo. Mimi niko upande wa wanaosema aingie. Lakini hoja ambayo mashabiki wake huitanguliza ndiyo dhaifu kuliko zote, na wapinzani wake wana haki ya kuicheka.

Kwa asiyemjua: alizaliwa 1978 Waukegan, Illinois, akakulia Clarksville, Tennessee. Alisoma miaka miwili chuo kidogo cha Vincennes, mwaka mmoja UNLV (Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas), kisha Suns wakamchagua wa tisa kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 1999. Urefu wake ni takriban sentimita 201, yaani urefu wa fowadi wa pembeni. Akacheza fowadi wa ndani, nafasi ya wazito wa karibu na ringi, akakaba magadi, wale wepesi wanaoongoza mpira, akakaba masenta, wale warefu wa chini ya ringi, na katika misimu yake mizuri alifanya hayo yote ndani ya usiku mmoja. Akachaguliwa mechi ya nyota mara 4 (2003, 2005, 2006, 2007), akaingia kikosi bora cha tatu cha msimu mara 2 (2005 na 2006), akatwaa ubingwa 2011 na Dallas Mavericks. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Huyu alishika tano, yaani nafasi zote za uwanjani.

Sasa hiyo hoja dhaifu. Utaambiwa: Marion yuko kwenye kundi dogo mno la wachezaji wenye pointi 17,000, ribaundi 10,000 (mipira iliyodakwa baada ya shuti kukosa), mipira 1,500 waliyopokonya na bloku 1,000 (mashuti yaliyozuiwa hewani), pamoja na watu kama Hakeem Olajuwon, Karl Malone, Kevin Garnett na LeBron James. Namba zenyewe ni za kweli. Alimaliza na pointi 17,700, ribaundi 10,101, mipira 1,759 aliyopokonya na bloku 1,233, katika mechi 1,163. Lakini hebu tazama mahali mistari ilipochorwa. Kwa nini pointi 17,000 na si 20,000? Kwa sababu ana 17,700. Kwa nini ribaundi 10,000 kamili? Kwa sababu alivuka kwa 101 tu. Mtu amempima Marion kwanza, kisha akajenga mlango wa kimo chake, kisha akashangaa kwamba amepita. Kwa ufundi huo huo unaweza kumwingiza karibu yeyote aliyecheza misimu 16. Ukiitanguliza hoja hii mbele ya mtu anayejua takwimu, umeshindwa kabla hujaanza.

Ilivyo ni kwamba namba zake zinahitaji kusafishwa mara mbili kabla hazijatumika.

Kwanza, kasi. Suns wa kocha Mike D'Antoni walitaka shuti lipigwe ndani ya sekunde 7 au chini, ilhali saa inaruhusu 24. Timu ikikimbia hivyo, mechi inakuwa na zamu nyingi zaidi za kushambulia, na kila zamu ni nafasi ya pointi, ya ribaundi, ya kupokonya. Msimu wa 2005-06 Suns walikuwa na zamu karibu 96 kwa dakika 48, wakati wastani wa ligi ulikuwa karibu 90 na nusu. Marion msimu huo alikuwa na pointi 21.8 na ribaundi 11.8 kwa mechi. Chukua 11.8, zidisha kwa 90.5, gawanya kwa 96: unapata kama 11.1. Fanya vivyo hivyo kwenye pointi, unapata kama 20 na nusu. Basi kasi ilimwongezea pointi moja na ushee na ribaundi isiyofika moja nzima. Wale wanaosema "namba za Suns ni za bandia" hawajawahi kupiga hesabu hii; ingechukua nusu dakika ya simu.

Pili, Nash. Dai ni kwamba Nash ndiye aliyemtengeneza, na dai hili lina uzito, kwa hiyo lipimwe kwa misimu ambayo Nash hakuwepo. Nash alirudi Phoenix kiangazi cha 2004. Msimu wa 2000-01, gadi akiwa Jason Kidd, Marion alikuwa na pointi 17.3 na ribaundi 10.7. Msimu wa 2002-03, gadi akiwa Stephon Marbury, mtu wa kutafuta pointi zake mwenyewe kwanza, Marion alipata pointi 21.2 na ribaundi 9.5, akaenda mechi ya nyota. Alipohamishiwa Miami Februari 2008 alicheza mechi 16 za msimu ule: pointi zikashuka hadi 14.3, ribaundi zikabaki 11.2. Hapo unaona mgawanyo wake waziwazi. Pointi zilimtegemea aliyemzunguka, hilo nakubali bila kusukumwa. Ribaundi na mikono yake mepesi alitembea navyo popote.

Nikikubali hilo, nimepoteza nusu ya kesi? Sidhani, kwa sababu kesi yake haikuwahi kuwa ya pointi. Msimu wa kuutazama polepole ni ule wa 2005-06.

Stoudemire alifanyiwa upasuaji wa goti kabla msimu haujaanza, akacheza mechi 3 tu. Joe Johnson alikuwa ameuzwa Atlanta. Kurt Thomas, senta aliyebaki, akaumia mguu katikati ya msimu. Kilichobaki ni Boris Diaw, mtu wa sentimita 203 aliyetoka Atlanta akiwa anachezeshwa kama gadi, sasa akasimamishwa katikati kama senta. Na ubavuni mwake, kama fowadi wa ndani, Marion mwenye kilo kama 103, mbele ya watu wa kilo 110 na zaidi. Siku hizi timu fupi si habari. Mwaka 2006 timu nyingi zilikuwa bado zinaanza na warefu wawili chini ya ringi, na kwenda na wafupi watano lilikuwa jambo la kuombewa dua.

Timu fupi hufia kwenye ribaundi, na namna inavyofia ni hii. Fowadi wa ndani akishindwa kumziba mpinzani wake, gadi analazimika kurudi chini kusaidia kugombea mpira. Gadi akishashuka, hakuna mtu wa kupokea pasi ya kwanza kule pembeni. Pasi ya kwanza ikichelewa sekunde moja, ulinzi umerudi wote, na lile shambulizi la sekunde 7 limekufa kabla halijazaliwa. Yaani kasi ya Suns haikuanza kwa Nash. Ilianza kwa mtu aliyeudaka mpira wenyewe peke yake, ili Nash asiguse ile vurugu.

Marion hakuwa na misuli ya kuwasukuma wale watu. Kawaida ya kuziba ni kushusha nyonga, kumkalia mpinzani mapajani, kushikilia nafasi mpaka mpira ushuke. Ukiwa mwepesi kwa kilo 10 utashikilia kwa kitambo tu, halafu utasogezwa. Alichokuwa nacho ni mruko wa pili. Mtu mzito akiruka na akaukosa mpira, hutua, hukunja magoti, hujikusanya, ndipo aruke tena. Marion alitua na kupaa kwa pigo moja, kwa hiyo mpira uliogongwa hewani na wawili ukawa wake kwenye mguso wa pili. Akigeuka, pasi kwa Nash karibu na mstari wa pembeni, kisha anaanza kukimbia yeye mwenyewe.

Na mbio hizo ndizo zilizowatesa makocha. Ukimkaba na fowadi mzito, mtu wako anaachwa hatua tatu na Marion anapokea mpira ringi ikiwa tupu. Ukimwekea mwepesi anayeweza kukimbia naye, anaingia ndani kugombea ribaundi za kushambulia, maana mwepesi wako hawezi kuruka naye mara mbili. Ukitoa mtu wa pembeni kusaidia, umemwacha Raja Bell peke yake kwenye kona kwa shuti la pointi tatu. Yote haya, na mifumo iliyochorwa kwa ajili ya Marion mwenyewe ilikuwa michache sana. Alikula kwenye makombo ya mchezo, akala pointi 21.8.

Suns walishinda mechi 54 msimu ule. Kwenye mchujo wa baada ya msimu, ambako anayetangulia kushinda mechi 4 ndiye anayepita, waliwatoa Lakers baada ya kuwa nyuma 3-1, wakawatoa Clippers kwa mechi 7, wakaishia mikononi mwa Dallas fainali ya Kanda ya Magharibi kwa mechi 6. Nash akapewa uchezaji bora wa msimu kwa mara ya pili mfululizo, na alistahili. Tusifiche na upande wa pili: Elton Brand wa Clippers alifunga atakavyo dhidi ya wafupi wale. Ufupi una bei, na Marion hakuweza kuilipa yote.

Neno moja kuhusu shuti lake, maana kila mtu huliuliza. Lilianzia kifuani, kiwiko kimetoka nje, mpira ukisukumwa zaidi ya kurushwa. Baya kulitazama. Lakini mitupo huru alifunga asilimia 81 na pointi tatu karibu asilimia 33, ambazo kwa fowadi wa ndani wa enzi ile zilitosha kumtoa mkabaji nje. Kocha wa vijana asiwafundishe. Wala asimvunje moyo kijana ambaye la kwake linaingia.

Sasa tuje kwenye doa kubwa, na hapa wapinzani wana kisu kikali: Marion hakuwahi hata mara moja kuchaguliwa kikosi bora cha ulinzi. Si cha kwanza, si cha pili. Mtu ambaye sifa yake ni kukaba kila mtu, na makocha waliompigia au kutompigia kura hawakumwona? Maana enzi hizo wapiga kura wa tuzo hiyo walikuwa makocha wenyewe.

Jibu langu ni la vitendo. Kura ilipigwa kwa nafasi: magadi wawili, mafowadi wawili, senta mmoja, vikosi viwili. Maana yake mafowadi walikuwa wanne kwa ligi nzima. Waliokuwa wakigombea nafasi hizo nne miaka hiyo ni Tim Duncan, Kevin Garnett, Bruce Bowen, Ron Artest, Andrei Kirilenko na Tayshaun Prince. Mtaje wa kumtoa. Zaidi ya hapo, kura ya namna hii humpendelea mwenye kazi moja inayoonekana. Bowen alipewa mfungaji bora wa timu pinzani na kila mtu alijua ni kazi ya Bowen. Marion alianza na gadi mwepesi kama Tony Parker robo ya kwanza, akamalizia na fowadi mzito robo ya nne, na katikati akabadilishana watu kwenye kila skrini, yaani kila mpinzani aliposimama njiani kumziba mkabaji. Hakuna mchezaji mmoja ambaye kocha angesema, "Marion alimzima fulani." Nao Suns kama timu hawakuwa na jina la ulinzi, na sifa ya mtu hufuata sifa ya nyumba yake. Hii inaeleza doa. Hailifuti, na sitaki kujifanya inalifuta. Tuzo mbili tu za ulinzi zingemaliza ubishi huu zamani.

Ndipo 2011 inapokuwa na thamani yake. Kufikia hapo Marion ametimiza miaka 33, amepitia Miami na Toronto, yuko Dallas. Caron Butler aliumia goti Januari, nafasi ikawa ya Marion. Kwenye mchujo Dallas waliwafagia Lakers 4-0, wakawatoa Oklahoma City 4-1, wakawafunga Miami 4-2 fainali. Ukizipanga timu hizo tatu unaona ratiba ya kazi ya Marion: Kobe Bryant, Kevin Durant, LeBron James. Katika fainali zile, ambazo mechi nyingi zilianza saa kumi alfajiri kwa saa zetu, LeBron, aliyekuwa na wastani wa pointi 26.7 msimu wa kawaida, alishuka hadi 17.8. Mechi ya nne alipata pointi 8 tu.

Yote ni ya Marion? La hasha. Nyuma yake alisimama Tyson Chandler akifunga njia ya ringi. DeShawn Stevenson na Jason Kidd walipokezana naye, na Dallas walichanganya ulinzi wa eneo, yaani kukaba sehemu ya uwanja badala ya mtu, ili LeBron asijue anakutana na nini. Dwyane Wade katika mfululizo huo huo alipata wastani wa 26.5, kwa hiyo si kwamba Miami nzima ilizimwa. Lakini mtu wa kwanza mbele ya LeBron, dakika nyingi kuliko wengine, alikuwa Marion. Hiyo ndiyo picha ambayo ile miaka ya Phoenix haikumpa: kazi moja, jina moja, matokeo yanaonekana. Dirk Nowitzki alikuwa mchezaji bora wa fainali na hakuna anayebisha.

Jumba lenyewe hufanya kazi vipi? Jina hupendekezwa, likapitia kamati ya uchujaji ya watu 9, na linahitaji kura 7 kufika fainali. Kisha kamati ya heshima ya watu 24, na linahitaji kura 18. Kura ni za siri na sababu hazitolewi. Hapa ndipo penye kasoro kwa mchezaji kiraka, yule wa kuziba nafasi yoyote. Ukikaa na watu 24, kila mmoja akiwa na sentensi moja ya kumtetea mtu, mwenye sentensi fupi hushinda. "Mchezaji bora wa ulinzi mara 4" ni Ben Wallace, akaingia 2021 akiwa na wastani usiofika pointi 6. "Mataji 5 na mchezaji bora wa ulinzi 1987" ni Michael Cooper, akaingia 2024 bila kuwahi kucheza mechi ya nyota hata moja. Bobby Jones, fowadi wa ulinzi wa Philadelphia, alistaafu 1986 na kusubiri hadi 2019. Wote hao siwapingi. Nasema tu kwamba sentensi ya Marion ni ndefu, na katikati yake watu wanaangalia saa.

Wanaompinga kwa vigezo vya Jumba wana hoja nyingine nzuri ambayo mashabiki husahau. Jumba hili si la NBA peke yake. Linahesabu vyuo, timu za taifa na ligi za nje. Toni Kukoč aliingia 2021 akiwa na mzigo mzito wa Ulaya, Manu Ginobili 2022 vivyo hivyo. Marion huko ana kidogo. Mwaka mmoja UNLV. Timu ya Marekani iliyoshika nafasi ya 6 kwenye mashindano ya dunia 2002 nyumbani kwao Indianapolis. Shaba ya Olimpiki Athens 2004, mashindano ambayo Wamarekani wenyewe hawapendi kuyakumbuka. Kwa hiyo kesi yake yote inasimama juu ya NBA, na ndani ya NBA inasimama juu ya miaka kama saba.

Kuna pia lile la 2007, alipoomba hadharani auzwe. Februari iliyofuata Suns walimpeleka Miami pamoja na Marcus Banks, wakamchukua Shaquille O'Neal. Suns wakatolewa raundi ya kwanza 2008, na 2009 hawakufika mchujo kabisa. Mashabiki wake hulitumia hilo kama ushahidi: ondoa Marion, nyumba inaanguka. Wakifika hapo huwa wananyamazia 2010, timu ile ile ya Nash ilipofika fainali ya Kanda bila Marion. Ushahidi ukikata pande mbili, usiuchukue upande mmoja. Mimi siuhesabu.

Ningepewa moja ya kura zile 24, ningempigia, na ningemweka nyuma ya Ben Wallace na mbele ya Cooper. Sababu ni 2005-06 na mchujo wa 2011. Phoenix wenyewe walishaiweka jezi namba 31 juu darini, Desemba 2023.

Kipimo halisi kina jina, nalo ni Andre Iguodala. Naye ni kiraka, naye alikaba kila mtu, wastani wake ni pointi 11.3, mechi ya nyota alicheza moja. Lakini ana mataji 4 ya Golden State na tuzo ya mchezaji bora wa fainali 2015, yaani sentensi yake ni fupi. Atapita, na huenda akapita haraka. Siku hiyo atakayesherehekea Iguodala na kumkataa Marion itabidi aeleze kwa namba, si kwa pete za ubingwa, ni kitu gani Iguodala alikifanya uwanjani ambacho Marion hakukifanya.